Ahadi ni Deni: Tarajio na Uhalisia katika Upasuaji wa Macho kwa Leza

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyobebeshwa mzigo mzito wa maana, kitenzi "ona" hakikosi kutajwa. Mswahili huona kwa macho, lakini pia huona njaa, huona baridi, huona haya, huona raha na huona uchungu. Mtu anapomwuliza mwenzake "Waonaje?" hakusudii kumpima macho bali kupata rai yake. Wanafunzi wa semantiki wamezoea kulitaja jambo hili kama mfano wa polisemia, kisha wakaliacha hapo. Hata hivyo, pako mahali ambapo upana huo wa maana hugeuka kuwa suala la afya na la fedha. Ni pale mgonjwa anapoketi mbele ya daktari wa macho na kuuliza, "Je, nikifanyiwa upasuaji wa leza nitaona?" Daktari hujibu kwamba ataona. Wote wawili wamesema kweli, na yamkini hawakuwa wakizungumzia jambo moja.

Upasuaji huu si jambo geni tena nchini Kenya. Zipo hospitali za binafsi jijini Nairobi zinazoutoa, na vijana waliohitimu na kupata ajira ya kwanza ni miongoni mwa wanaouulizia. Wengi wao wamevaa miwani tangu shule ya msingi, wakaitwa "macho manne" na wenzao, wakaketishwa dawati la mbele, wakajizuia kucheza kandanda kwa kuchelea kuvunja kioo ambacho mzazi alikilipia kwa taabu. Tamaa yao ya kuachana na miwani si ya kubezwa hata kidogo. Tatizo ni kwamba tamaa hiyo hukutana na lugha ya biashara iliyokwisha kuandaliwa kuipokea: macho mapya, uhuru wa kudumu, kuiaga miwani milele, dakika chache tu. Lugha ya namna hii haisemi uongo waziwazi. Huutumia ukweli mmoja, kwamba mara nyingi leza yenyewe humaliza kazi yake kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila jicho, ili kuupitisha chini kwa chini usemi mwingine usio na ukweli, kwamba mambo yote yatakuwa yamekwisha katika muda huo.

Wahenga waliponena kwamba ahadi ni deni hawakufafanua ni nani atakayelilipa. Katika suala hili mdaiwa hajulikani vyema. Tangazo huahidi, daktari huendesha mashine, na mgonjwa ndiye anayebaki na jicho. Hoja ya makala haya ni kwamba kasoro za upasuaji wa leza ni chache zikilinganishwa na kasoro za lugha inayoutangulia, na kwamba mgonjwa mmoja anaweza kutoka chumbani akiwa ameridhika ilhali mwenzake mwenye matokeo yaleyale ametoka akinung'unika, kwa sababu tu waliingia na sentensi tofauti vichwani mwao.

Ili kulielewa hilo ni sharti kujua leza hufanya nini. Mwanga unaoingia jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho. Unene wa konea katikati ni takriban nusu milimita, lakini utando huo mwembamba ndio unaofanya thuluthi mbili hivi za kazi yote ya kuukusanya mwanga. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukamilisha thuluthi iliyobaki. Kwa mtu asiyeona mbali, aghalabu jicho lake ni refu kupita kiasi, hivyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina iliyo nyuma. Miwani husogeza makutano hayo nyuma. Leza nayo huyasogeza kwa kuipunguza konea katikati ili iwe bapa zaidi. Mwanga unaotumika ni wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na sifa yake ni kwamba huondoa tabaka jembamba la nyama bila kuichoma iliyo kando yake. Kwa kila dayopta moja, yaani kile ambacho watu wengi hukiita namba ya miwani, huondolewa kama sehemu 12 hadi 15 za elfu moja za milimita, ikiwa eneo linalochongwa lina upana wa milimita 6. Mwenye namba 4 hupoteza takriban sehemu 50 hadi 60 za konea isiyozidi sana 540. Hesabu hii inaonyesha kwa nini mwenye namba kubwa sana, au mwenye konea nyembamba, huambiwa hapana: haibaki nyama ya kutosha kulishikilia umbo la jicho.

Kilichofanyika, basi, ni kuchongwa kwa lenzi juu ya konea ya mgonjwa mwenyewe. Jicho jipya halikuundwa. Jicho lililokuwa refu linabaki refu. Retina iliyotanuka kwa sababu ya urefu huo inabaki imetanuka, na hatari yake ya kubanduka, ambayo ni kubwa zaidi kwa wenye namba kubwa, haipungui kwa sababu miwani imewekwa kabatini. Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapokuwa na uzito. Kusema kwamba leza "huponya" macho ni kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa umeondoka, hivyo hana haja ya kurudi kuchunguzwa. Kusema kwamba "hutibu" kunakaribia kosa lilelile. "Kurekebisha" ndicho kitenzi chenye uaminifu, kwa kuwa kinachorekebishwa huwa bado ni kitu kilekile na huweza kuhitaji kurekebishwa tena. Msomaji anayedhani kwamba huku ni kuchambua maneno kupita kiasi na amfikirie mtu mwenye namba 8 aliyeacha kwenda kliniki kwa miaka kumi kwa kuwa "alipona".

Historia ya taaluma hii yenyewe ina funzo kuhusu ahadi na muda. José Barraquer, daktari aliyefanya kazi Bogotá nchini Colombia, ndiye aliyeasisi katikati ya karne ya 20 wazo la kubadilisha umbo la konea ili kurekebisha uoni. Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Muungano wa Kisovieti alieneza mbinu ya kuichanja konea kwa kisu, michanjo ikitandazwa kama miali ya jua. Wagonjwa waliamka wakiona mbali, na sifa zikaenea duniani. Kisha miaka ikapita. Uchunguzi uliowafuatilia wagonjwa wa mbinu hiyo nchini Marekani kwa miaka 10 ulibaini kwamba asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea kwa dayopta moja au zaidi kuelekea upande wa pili, ule wa kutoona karibu. Mbinu hiyo iliachwa leza ilipokuja. Stephen Trokel na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya leza kwenye konea mwaka 1983, na mwaka 1995 shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, FDA, likaidhinisha leza hiyo kwa ajili ya wasioona mbali. Leza ni imara kuliko kisu cha Fyodorov, hilo halina ubishi. Lakini wale wa michanjo nao waliambiwa kwamba wameiaga miwani milele.

Suala la pili ni la kipimo. Ahadi ya kawaida ni kwamba mgonjwa atapata "sita kwa sita", na watu wengi huyachukulia maneno haya kuwa na maana ya macho kamili. Kipimo hiki kinatokana na chati ya herufi iliyobuniwa na Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Maana yake ni kwamba mtu aliye umbali wa mita 6 husoma herufi ambazo jicho la kawaida husoma kutoka mita 6. Ni herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, katika chumba chenye mwanga wa kutosha, na anayezisoma ameketi. Maisha hayana utaratibu huo. Dereva wa basi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa hasomi herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Anakabiliana na taa za malori zinazomjia, mvua kwenye kioo, na mtu aliyevaa nguo nyeusi akivuka barabara huko Mtito Andei. Usiku mboni hupanuka, na ikipanuka hadi kufikia ukingo wa eneo lililochongwa, taa huweza kuonekana zikiwa na duara za mwanga, au zikitoa miali kama nyota, au zikiwa na kivuli cha pili. Dereva huyo anaweza kupata sita kwa sita kliniki asubuhi, na jioni akaliogopa gari lake.

Ni watu wangapi hupatwa na hayo? Uchunguzi uitwao PROWL, ulioendeshwa na FDA pamoja na Taasisi ya Taifa ya Macho na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, ulitoa picha yenye pande mbili. Zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa upasuaji waliridhika na uoni wao. Papo hapo, miongoni mwa watu ambao hawakuwa na dalili zozote za duara, miali au vivuli kabla ya upasuaji, hadi asilimia 46 walisema miezi mitatu baadaye kwamba wamepata angalau dalili moja. Wengine waliokuwa na dalili hizo kwa sababu ya miwani au lenzi za kuvaliwa ndani ya jicho waliona zimepungua, hivi kwamba kwa jumla idadi ya wenye dalili ilishuka. Waliotatizika sana katika shughuli zao hawakufikia asilimia moja. Anayetaka kuutetea upasuaji atainukuu sehemu moja ya matokeo haya, naye anayetaka kuupinga atainukuu nyingine. Mgonjwa anazihitaji zote.

Liko jambo jingine katika uchunguzi huohuo ambalo linapaswa kumsisimua mwanafunzi wa lugha kuliko asilimia hizo. Wagonjwa walieleza dalili zao kwenye hojaji kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile walichomweleza daktari ana kwa ana. Na hao ni Wamarekani, watu wasiosifika kwa kuona haya mbele ya daktari. Je, itakuwaje kwa mgonjwa aliyelelewa kuamini kwamba kumlalamikia aliyekusaidia ni utovu wa shukrani? Atajibu "Ni sawa tu, daktari, nashukuru," kisha arudi nyumbani akapepese macho gizani. Adabu ya Kiswahili ni hazina, lakini katika chumba cha daktari huweza kuficha dalili.

Ukavu wa macho nao husahaulika kwa sababu jina lake halitishi. Konea ina neva nyingi mno, na neva hizo ndizo huliambia jicho wakati wa kutoa machozi. Katika mbinu ya Lasik, daktari hukata utando mwembamba wa juu, akaukunjua kama ukurasa, leza ikafanya kazi chini yake, kisha utando ukarudishwa mahali pake. Ukataji huo hukatiza neva, na kwa majuma au miezi jicho huwa kama limesahau kulia. Katika uchunguzi uliotajwa hapo juu, hadi asilimia 30 ya watu wasiokuwa na ukavu hapo awali walikuwa nao baada ya miezi mitatu. Wengi hupata nafuu kwa matone ya kulainisha macho, ila wachache huendelea kuumia. Anayeketi mbele ya kompyuta kutwa nzima akiandika tasnifu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, hivyo ndiye wa kuambiwa jambo hili mapema. Mbinu nyingine, ya PRK, haikati utando bali huondoa ngozi ya juu kabisa ya konea na kuiacha ikue upya. Maumivu yake huwa makali kwa siku kadhaa na uoni hurejea polepole kwa majuma. Mtu anayetarajia kurudi kazini kesho yake atadhani ameharibiwa jicho, kumbe jicho linapona kama lilivyotakiwa.

Lakini hakuna mahali ambapo tarajio na uhalisia huachana kwa umbali kama katika suala la umri, na hapa wahadhiri wa Kiswahili wanaombwa kusoma kwa makini. Lenzi iliyo ndani ya jicho hunyumbulika ili kuuwezesha uoni wa karibu. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo inavyozidi kukakamaa, na katika umri wa kati ya miaka 40 na 45 hivi watu huanza kusogeza gazeti mbali na uso. Hali hii humpata kila binadamu, awe alivaa miwani tangu utotoni au hakuwahi kuivaa. Leza inayochonga konea haiigusi lenzi hiyo hata kidogo. Sasa achukuliwe mhadhiri wa miaka 45 asiyeona mbali, mwenye namba 2.5. Mhadhiri huyu ana mazoea ambayo huenda hakuwahi kuyafikiria: anaposahihisha karatasi za mtihani huvua miwani. Kwa nini? Kwa sababu jicho lenye upungufu wa dayopta 2.5 huona waziwazi, bila msaada wowote, kitu kilicho umbali wa sentimita 40, na huo ndio umbali wa karatasi mezani. Kasoro yake ya kutoona mbali imegeuka kuwa miwani yake ya kusomea, tena ya bure.

Mhadhiri huyo akifanyiwa upasuaji ukafaulu kikamilifu, namba yake ikawa sufuri, ataondoka hospitalini akiona nyuso za wanafunzi walioketi nyuma ya ukumbi. Atafurahi hadi atakapofungua karatasi ya kwanza ya mtihani. Maandishi yatakuwa ukungu. Atalazimika kununua miwani ya kusomea, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuihitaji kwa kazi hiyo. Daktari atasema upasuaji umefaulu. Mhadhiri atasema ameibiwa. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kusoma, kubadilishana uoni wa karibu na wa mbali si jambo dogo, na anayestahili kuamua kama biashara hiyo inamfaa ni yeye mwenyewe, tena kabla ya kutia sahihi. Iko njia ya katikati, ambapo jicho moja hurekebishwa kuona mbali na jingine likaachwa lione karibu. Baadhi ya watu huizoea upesi, wengine huumwa kichwa na kushindwa kukadiria umbali, na ndiyo sababu huwa busara kuijaribu kwanza kwa lenzi za kuvaliwa ndani ya jicho kwa siku kadhaa. Majaribio hayo hayana gharama kubwa ikilinganishwa na majuto.

Kijana wa miaka 25 hupuuza haya kwa kudhani kwamba miaka 45 haitafika. Itafika. Na kabla haijafika, namba yake huenda ikarudi kidogo, hasa ikiwa ilikuwa kubwa au ikiwa alifanyiwa upasuaji kabla macho hayajatulia. Madaktari hutaka namba iwe haijabadilika kwa muda wa mwaka mmoja hivi ndipo wakubali. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudiwa, ikiwa unene wa konea unaruhusu. Baadaye tena, uzeeni, huja mtoto wa jicho, na daktari atakayeondoa lenzi iliyofifia atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi ya kuiweka badala yake. Hesabu hiyo hutegemea umbo la konea, na konea iliyochongwa huweza kuipotosha. Ndiyo maana vipimo vya kabla ya upasuaji vinapaswa kutunzwa na mgonjwa kama hatimiliki ya shamba. Aidha, kifaa cha kupimia shinikizo la ndani ya jicho husoma kiwango cha chini kuliko hali halisi pale konea inapokuwa imepunguzwa unene. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huwapata watu wenye asili ya Kiafrika zaidi na mapema zaidi kuliko watu wa asili ya Kizungu, na hupofusha kimyakimya. Mkenya aliyefanyiwa leza na asimwambie daktari anayempima presha ya macho miaka 20 baadaye, huweza kuambiwa yu salama ilhali hayuko salama. Katika mambo yote yanayostahili kusemwa kabla ya upasuaji, hili pengine ndilo zito zaidi kwa Afrika, na ndilo ambalo lugha ya matangazo haina nafasi ya kulitia.

Wapo pia wasiofaa kabisa kuguswa na leza. Mwenye keratokonasi, ugonjwa ambao huifanya konea inyong'onyee na kuchomoza kama pia, huweza kuharibikiwa vibaya akichongwa. Ugonjwa huo huhusishwa na mazoea ya kufikicha macho, na watoto na vijana wenye mzio wa macho hufikicha mno. Dalili zake za mwanzo hazionekani kwa kutazama tu, huhitaji mashine inayochora ramani ya konea. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa kungoja. Wanaovaa lenzi ndani ya jicho hutakiwa kuziacha kwa muda kabla ya kupimwa, zile laini kwa majuma mawili hivi na zile ngumu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu huipotosha konea. Mteja aliyesafiri kutoka Kisumu au Lodwar akiwa na pesa taslimu, kisha akaambiwa arudi nyumbani, huhisi ametukanwa. Ni vyema ajue kwamba kliniki iliyomkataa imemfanyia kazi aliyoiendea. Ya kutiliwa shaka ni ile isiyowahi kumkataa mtu.

Watakuwepo watakaosema kwamba kumwagia mgonjwa orodha hii yote ni kumtia hofu bure, na kwamba ikiwa watu zaidi ya 95 kati ya 100 huridhika, hakuna haja ya kuwatisha wote kwa ajili ya watano. Hoja hii ina mashiko kwa kiasi fulani. Hofu nayo hupotosha, na wako watu waliojinyima upasuaji ambao ungewafaa sana kwa sababu ya uvumi kwamba leza hupofusha. Upofu kutokana na upasuaji huu ni nadra mno. Hata hivyo, hoja hiyo inasahau kwamba kuridhika hutegemea alichotarajia mtu. Aliyeambiwa mapema kwamba taa zitakuwa na duara kwa miezi michache huziona duara hizo na kusubiri. Ambaye hakuambiwa huziona zilezile na kuanza kutafuta wakili. FDA yenyewe, mwezi Julai 2022, ilitoa rasimu ya mwongozo iliyopendekeza kwamba wagonjwa wa Lasik wapewe maelezo ya wazi zaidi kuhusu madhara kabla ya kuamua, na wapo madaktari wa macho walioipinga kwa madai kwamba inaegemea upande wa hatari. Mjadala huo ni wa haki na haufai kufichwa.

Si vibaya kukumbusha hapa, kwa kupitia tu, kwamba leza ni anasa ya wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuiwa au ambao bado haujashughulikiwa, na milioni 826 kati yao wanahitaji tu miwani ya kusomea. Kwa watu hao miwani haijapata kuwa mzigo wa kuutua.

Linabaki suala la lugha, na hili haliwezi kuachiwa madaktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa kuhusu njia za matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa mgonjwa huyo na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Mbunge hakuandika "kwa Kiingereza". Mgonjwa anayetia sahihi fomu ya kurasa kadhaa asizozielewa ametimiza desturi ya hospitali na kuikwepa sheria. Na daktari, hata akiwa na nia njema, atatumia Kiswahili gani? Akisema "presbiopia" hajasema kitu. Akisema "macho yatachoka" amesema kitu kingine. Wanafunzi wa Kiswahili wana ugonjwa wao wa kupenda kubuni istilahi za kupendeza na kuzifungia kwenye tasnifu. Istilahi isiyoeleweka na mgonjwa ni sawa na miwani ya mtu mwingine. Mara nyingi sentensi iliyo wazi hufaa kuliko neno jipya: "Ukifika miaka arubaini na kitu utahitaji miwani ya kusomea, hata upasuaji huu ukifaulu kabisa." Hapo hapana istilahi hata moja, na hapana asiyeelewa.

Kazi hiyo inaweza kuanza na fomu moja. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mada ya uzamili na achukue fomu ya ridhaa ya upasuaji wa leza, aiandike kwa Kiswahili akishirikiana na daktari wa macho, kisha asiipeleke kwa msimamizi wake kwanza. Aipeleke kwa dereva wa matatu, kwa mwuza nguo wa Gikomba na kwa mwalimu wa shule ya msingi. Aisome pamoja nao, aifunge, kisha amwombe kila mmoja amweleze kwa maneno yake mwenyewe ataona nini usiku barabarani baada ya upasuaji, atasomaje gazeti akifika miaka 45, na atamwambia nini daktari atakayempima presha ya macho miaka 20 ijayo. Pale watakapokwama, ndipo pa kuandika upya.